Paa Bapa na Bili Yake, Kutoka Gairo Hadi Mikumi

Mikumi sasa inajenga nyumba zisizoonyesha paa. Pande zote mbili za barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, katikati ya nyumba za zamani zenye bati la migongo miwili, zimeota nyumba za wageni, maduka na makazi ya familia ambayo kuta zake zinapanda wima hadi juu na kuishia kwenye mstari ulionyooka. Mafundi huliita paa la kuficha, kwa kuwa bati limelazwa karibu bapa nyuma ya ukuta. Linapendeza, na sina ugomvi na anayelipenda. Ninachotaka kukizungumzia ni siku ile doa la kwanza la maji linapotokea kwenye jipsamu ya sebuleni, fundi anapanda ngazi, anashuka, na kumwambia mwenye nyumba kwamba hapa hakuna cha kuziba tena, paa lote litoke.

Siku hiyo ndipo watu wanapogundua kwamba walipiga hesabu ya kujenga paa, hawakupiga hesabu ya kulibadilisha. Mwenye nyumba huyo mara nyingi ni mstaafu aliyeingiza mafao yake yote ukutani, au mama aliyejenga chumba baada ya chumba kwa mikopo ya kikoba. Hana fungu la pili. Ndiyo maana naona jambo hili linastahili kurasa za gazeti, na si mazungumzo ya mafundi peke yao.

Tena paa bapa si jambo geni katika wilaya ya Kilosa, iliko Mikumi. Nyanda za juu za upande wa magharibi, Gairo, ambayo ilikuwa sehemu ya Kilosa hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2012, na Mpwapwa iliyo ng'ambo ya milima, ziliishi chini ya paa bapa kwa vizazi vingi. Paa hilo ni la tembe. Mwingereza Richard Burton alipopita Usagara mwaka 1857 akielekea Ziwa Tanganyika alizikuta tembe, akazieleza katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1860. Anayetaka kuelewa bili ya Mikumi aanzie huko juu kwenye baridi, kwa sababu waliojenga tembe walijua vizuri wanachokifanya.

Tazama kwanza nchi yenyewe. Miji ya Kilosa na Mikumi iko bondeni, karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, kwenye joto na mvua zinazokaribia milimita 1,000 kwa mwaka, vuli na masika. Ukipanda kuelekea Gairo unavuka mita 1,000, na milima ya Ukaguru iliyo jirani inapita mita 2,000. Mwezi wa sita na wa saba huko juu watu hutembea na makoti mchana. Upepo haukatiki. Na kadiri unavyozidi kwenda magharibi mvua inapungua: Dodoma kwa mwaka wa kawaida haifikishi milimita 600, tena kwa msimu mmoja tu. Baridi ya usiku, upepo mkali, mvua haba. Hapo ndipo paa la udongo linapokuwa jibu la maana.

Tembe hujengwa hivi. Nguzo zenye panda huchimbiwa ardhini, juu ya panda hulazwa boriti nene, juu ya boriti hupangwa fito kwa kukaribiana, juu ya fito hutandazwa nyasi au mabua ya mtama, kisha udongo hupandishwa na kushindiliwa. Paa halikuachwa bapa kabisa. Liliinuliwa kidogo katikati au likainamishwa upande mmoja, ili maji yapate pa kwenda. Udongo ule mzito ulipokea jua mchana kutwa na kuachia joto pole pole usiku, na hakuna upepo wa Gairo ulioweza kuunyanyua. Juu yake mtama ulianikwa, maboga yakakaa, na mtu mzima alitembea bila wasiwasi.

Uzito wake ndio wa kushangaza. Chukua chumba cha mita 4 kwa 5, udongo wa unene wa sentimita 15. Hizo ni mita 3 za ujazo, na udongo ukiwa umelowa unapita tani 5. Bati la kufunika chumba hicho hicho halifiki kilo 100. Kwa hiyo boriti na nguzo za tembe zilikuwa miti ya haja iliyokatwa porini, na mchwa walipoifikia, au mvua ya mwaka mbaya ilipoushibisha udongo, paa liliwaangukia watu wakiwa wamelala. Kila mwaka kabla ya mvua ilibidi kupanda juu, kuziba nyufa, kuongeza udongo pale ulipokwanguliwa na maji, kubadilisha fito zilizooza. Gharama hiyo haikuandikwa katika daftari lolote kwa sababu ililipwa kwa nguvu za watu, wa nyumbani na majirani walioitwa kwa pombe ya mtama. Lakini ililipwa, mwaka kwa mwaka, na kila mtu aliijua kabla hajachimbia nguzo ya kwanza.

Sitaki msomaji adhani naisifia tembe kwa sababu ya ukale wake. Ndani mlikuwa na giza na moshi, na nyufa za kuta na sakafu zilihifadhi papasi, wadudu waenezao homa ya papasi iliyowatesa watu wa kanda ya kati kwa miaka mingi. Wazazi waliotamani kuwatoa watoto wao humo walikuwa na haki kabisa. Miaka ya 1970, wakati watu walipohamishiwa vijijini kwa wingi, bati likawa alama ya nyumba bora. Shule na zahanati zilitangulia kuezekwa kwa bati, nyumba za watu zikafuata polepole, na nyingine zinafuata hadi leo.

Ila hapo ndipo bili ya kwanza ya paa bapa ilipojitokeza. Katika tembe, nguzo ndizo zinazobeba paa. Kuta ni fito na udongo, nyembamba na fupi, hazibebi kitu. Huwezi kuushusha ule udongo ukapachika kenchi na bati juu ya kuta zile. Kubadilisha paa la tembe maana yake ni kujenga nyumba nyingine: matofali ya kuchoma na kuni zake, msingi, lenta, mbao, misumari, fundi wa kulipwa fedha taslimu. Familia iliyokuwa ikilipia paa lake kwa udongo na pombe ya mtama ilitakiwa ghafla kulilipia kwa noti. Wengi walibomoa nusu, wakaishi nusu.

Halafu kwenye baridi bati lina madai yake. Usiku linapoa upesi kuliko hewa iliyo chini yake, pumzi za waliolala na mvuke wa jikoni unapanda, unaligusa, unageuka matone. Alfajiri bati linatokwa jasho na kudondosha juu ya vitanda. Dawa yake ni dari yenye nafasi ya hewa kati yake na bati, na matundu ya kupitisha hewa hiyo. Nayo ni gharama ambayo jirani wa bondeni haoni haraka ya kuilipa. Na kwa kuwa bati ni jepesi, lazima kenchi zifungwe kwenye lenta kwa waya au vyuma. Asiyefunga, upepo utamfungulia. Tembe haikuwahi kudai waya.

Pwani nako paa bapa lilikuwapo na likabadilishwa. Majumba ya mawe ya Zanzibar na Lamu yaliezekwa kwa boriti za mikoko, mawe ya matumbawe na chokaa iliyopigwa kwa siku nyingi hadi ikashikana. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba. Chokaa hiyo ilihitaji kutunzwa kila mwaka, na mvua za pwani ni nyingi kuliko za Dodoma. Katika karne ya 19 na baada yake, wenye majumba mengi ya Mji Mkongwe waliweka bati la mteremko juu ya paa bapa la zamani. Hawakulibomoa la chini; walilifunika. Kumbuka ufumbuzi huo, maana nitaurudia nikifika kwenye bili ya Mikumi.

Nchi za baridi kali nazo zina mapaa bapa mengi: maghala, shule, maghorofa ya kupanga ambamo Waafrika Mashariki wengi wa Minneapolis na Toronto wanaishi. Huko theluji inakaa juu ya paa kwa wiki nyingi, inayeyuka mchana, inaganda usiku, na maji yakiganda yanaongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Ufa mdogo kama unywele unapanuliwa kila usiku. Kwa hiyo anayebadilisha paa la namna hiyo halipii tabaka la juu peke yake. Anaondoa matabaka ya zamani, anakausha au kutupa kizuia baridi kilicholowa, anaweka upya karatasi ya kuzuia mvuke upande wa joto, anaongeza unene wa kizuia baridi kwa sababu sheria za sasa zinataka hivyo, kisha ndipo anatandaza lami au mpira wa kuzuia maji. Mabomba ya kutolea maji yanapitishwa ndani ya jengo, kwani yakiwa nje yataganda. Na yote hayo yafanywe katika miezi michache ya kiangazi, kila fundi akigombewa.

Anayedhani hayo ni anasa ya matajiri asome yaliyotokea Bad Reichenhall, kusini mwa Ujerumani. Tarehe 2 Januari 2006 paa bapa la ukumbi wa kuteleza juu ya barafu liliporomoka likiwa na theluji, likaua watu 15, wengi wao watoto na vijana. Theluji ilikuwa nzito, ila wataalamu waliochunguza walikuta kwamba mihimili ya mbao ilikuwa imeunganishwa kwa gundi isiyostahimili unyevu, na unyevu ulikuwa umeilegeza kwa miaka. Kabla mwezi huo haujaisha, tarehe 28 Januari, paa la ukumbi wa maonyesho huko Katowice, Polandi, likaporomoka chini ya theluji na kuua watu 65. Mikumi haina theluji. Ina maji, na maji yaliyosimama juu ya paa ni mzigo vilevile.

Hebu tupige hesabu hiyo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Nyumba yenye paa la mita 100 za mraba ikipigwa na mvua ya milimita 50, na mvua kama hiyo katika masika haimshangazi mtu wa Kilosa, inapokea lita 5,000 kwa muda mfupi. Paa la migongo miwili linazimwaga nje pande zote mbili. Paa la kuficha linazikusanya kwenye mfereji mmoja ulio nyuma ya ukuta, zitoke kwa matundu mawili au matatu. Majani ya mwembe yakiziba tundu moja, mfereji wa urefu wa mita 10, upana wa nusu mita na kina cha sentimita 20 unabeba tani moja ya maji juu ya ukuta wako. Ukifurika, maji hayana njia ya nje. Yanaingia ndani.

Na hata tundu lisipoziba, bati lililolazwa kwa mteremko mdogo mno linapitisha maji kwenye viungo vyake. Upepo unayasukuma kurudi nyuma, yanapanda chini ya bati la juu, yanafika kwenye tundu la msumari. Mbao za kenchi zinaanza kuoza mahali ambapo hakuna jicho linalofika, kwa sababu ukuta umeficha juu na jipsamu imeficha chini. Paa la kawaida likivuja, unaona siku ile ile bati lililong'oka. Hili linavuja mwaka mzima kabla halijakwambia, na mwaka huo mmoja ndio unaogeuza kazi ya mchana mmoja kuwa kazi ya mwezi.

Wapo pia waliomwaga zege juu, hasa wenye nyumba za wageni wanaotarajia kuongeza ghorofa baadaye. Zege la sentimita 15 lina uzito wa kilo 360 kwa kila mita ya mraba, zaidi hata ya udongo wa tembe, na jua la Mikumi linalitanua mchana na baridi ya usiku inalibana. Nyufa haziepukiki, kinachotakiwa ni tabaka la kuzuia maji juu yake, na mteremko. Wahandisi hupanga angalau sentimita 2.5 kwa kila mita, ili hata fundi akikosea kidogo maji yasisimame. Zege lililomwagwa sawa kama meza litatengeneza dimbwi, dimbwi litapenya hadi kwenye nondo, nondo zitapata kutu, kutu itavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Kulirekebisha mapema ni kazi ya lami na saruji. Kulirekebisha nondo zikiwa zimekwisha ni kazi ya kubomoa nyumba.

Sasa bili yenyewe. Bei ya bati huulizwa dukani siku ile ile, kwani hupanda na kushuka, kwa hiyo nitataja mambo ambayo mwenye nyumba husahau kuyauliza. La kwanza ni kushusha. Jipsamu haiwezi kubaki salama kenchi zikitolewa, na nyaya za umeme zinapita juu yake, kwa hiyo anayebadilisha paa anabadilisha dari na anamlipa fundi umeme. La pili ni mbao. Mbao nyingi zinazofika Mikumi hushuka kwa barabara hii hii kutoka Mufindi, kwenye shamba la miti la Sao Hill, na kuna tofauti kubwa ya maisha kati ya mbao zilizotiwa dawa na zile ambazo hazikutiwa. Katika paa lililofichwa, ambamo unyevu haukauki upesi, mbao bila dawa ni kumwaga fedha. La tatu ni geji. Namba ikipanda bati linapungua unene: geji 28 ni takribani milimita 0.4, geji 30 ni takribani 0.3. Tofauti hiyo ndogo, kwenye bati lililolazwa karibu bapa ambalo fundi atalikanyaga kila anapokwenda kuzibua mfereji, ndiyo inayoamua kama litabonyea na kushika maji. Halafu kuna kuta zilizolowa, ambazo lipu yake lazima ikwanguliwe na kukaushwa, na kuna kodi ya mahali pa kulala familia kazi ikiendelea.

Mtu akinipa orodha hiyo yote, nitamuuliza kwanza kama kweli anataka kurudisha paa la namna ile ile. Mara nyingi gharama ya kuligeuza liwe la mteremko unaoonekana haizidi sana gharama ya kulirudisha lilivyokuwa, kwa sababu kenchi mpya zinahitajika kwa vyovyote. Ukuta wa juu unapunguzwa, kenchi zinatokeza nje ya ukuta kwa sentimita 60 au zaidi, mvua inadondoka mbali na lipu na jua halipigi dirisha. Wenye zege nao wanaweza kufanya walichofanya wenye majumba ya Zanzibar: kuliacha zege liwe dari na kuweka bati la mteremko juu yake. Chumba kinapoa, zege linakauka.

Paa la namna hiyo pia linaanza kulipa. Kwa mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, mita 100 za mraba hupokea lita 100,000. Toa zinazopotea kwa kurukia nje na kwa kusafisha vumbi la mvua ya kwanza, hesabu asilimia 80, unabaki na lita 80,000 zinazoweza kuingia kwenye simtanki kwa gata rahisi la nje. Paa la kuficha linapokea maji hayo hayo, lakini mfereji wake uliojaa majani si chombo cha kukingia maji ya kunywa.

Kwa anayebaki na paa la kuficha kwa sababu ndilo alilolipenda, na nyumba ni yake, ninayo masharti ambayo ningemwomba ayaandike kwenye makubaliano na fundi kabla ya kutoa malipo ya kwanza. Mfereji uwe mpana kiasi cha mtu kuweka mguu na kuusafisha. Kila mfereji uwe na matundu mawili, na juu kidogo ya hayo uwe na tundu la dharura linalotokeza nje ya ukuta, ili siku yakiziba maji yamwagike uani, yasiingie chumbani. Kuwe na mlango wa kupandia juu. Kazi ifanyike kati ya Juni na Oktoba, na kabla ya dari kufungwa, matundu yazibwe kwa makusudi, mfereji ujazwe maji kwa saa 24, na mwenye nyumba mwenyewe aingie chini ya kenchi na tochi. Malipo ya mwisho yasubiri hapo.

Halmashauri nayo ina sehemu yake. Kwa nyumba zisizoonyesha paa, ningetaka kibali cha ujenzi kisitoke mpaka mchoro uonyeshe wazi mkato wa paa: mteremko ni sentimita ngapi kwa mita, maji yanatokea wapi, na tundu likiziba yanakwenda wapi. Misimu ya El Niño ya 1997 na 1998, kisha ya 2023 na 2024, imekwisha kutuonyesha mvua za Kilosa zinaweza kufika wapi. Ni karatasi moja kwenye faili, na mkaguzi anahitaji dakika chache kuisoma kabla mwenye nyumba hajanunua bati la kwanza.